Ndege Ikiwa Chini

Leo redioni nazungumza juu ya ndege ndogo. Iliyo angani ina watu wengi wa kuisemea, kwa hiyo naiacha. Nataka ile iliyokwisha kutua: injini imezimwa, abiria wameshuka na mizigo yao, rubani ameenda kutafuta chakula, nayo imebaki peke yake uwanjani.

Najua kuna mzee amekwisha kuguna: sisi wa kisiwa cha Idjwi, watu wa kanoti na mitumbwi, ndege iliyolala uwanja wa Kavumu inatuhusu nini? Mzee wangu, inakuhusu. Ubovu wa barabara ya Shabunda tunaujua sote. Kwa miaka mingi watu wa Shabunda na Lulingu wamekula chumvi na kumeza dawa zilizofikishwa na ndege ndogo kutoka Kavumu, na wakati wa kurudi ndege hizo zilibeba kasiterite, madini ya bati. Nyingine zilikuwa zikipita juu ya ziwa letu la Kivu kati ya Goma na Bukavu, na mtoto wa Idjwi alijua saa kwa kuzisikia. Kisha ikaja 14 Februari 2025, vita vikafika Kavumu, safari za kawaida zikakatika. Hapo ndipo mada inapoanzia, kwa maana watu hudhani ndege isiyoruka inapumzika. Haipumziki. Upepo unaitaka, nyigu wanaitaka, mvua inaitaka, mwizi naye yuko kwenye foleni.

Tuanze na upepo. Cessna 172, ile ya viti 4 inayojulikana dunia nzima, ikiwa haijabeba kitu ina uzito wa karibu kilo 760 tu. Bawa lake limeumbwa kwa kazi moja: likipata upepo wa kutosha kutoka mbele, liinuke. Na bawa haliulizi upepo huo umeletwa na nani, injini au mvua ya Aprili inayoshuka kutoka milima ya Kahuzi. Upepo ukikaribia kilomita 90 kwa saa, bawa linaanza kufanya kazi yake, hata kama ndani hakuna rubani. Gurudumu moja linanyanyuka, ndege inageuka, inalalia upande, na asubuhi mwenye ndege anakuta magurudumu yanatazama mbingu.

Dawa yake ni kamba, na juu ya kamba mvuvi wa sambaza wa Idjwi angeweza kumpa rubani somo la nusu saa bila kuandaa chochote. Anajua kwamba mtumbwi uliofungwa mahali pamoja unazunguka na kujigonga. Anajua kwamba kamba fupi mno inakata na ndefu mno inampa mtumbwi nafasi ya kuruka na kushtuka. Ndege nayo hufungwa mahali patatu: bawa la kulia, bawa la kushoto, na mkia. Ndege nyingi ndogo zina pete za chuma zilizowekwa kwa kazi hiyo hiyo. Pua inaelekezwa kule unakotoka upepo mkali wa mahali hapo, na kamba inashuka kwa mshazari hadi kwenye kigingi.

Kamba gani? Ya katani ina hila: ikilowa, inafupika. Unaifunga jioni ikiwa kavu, umeibana vizuri, unajisifu. Usiku mvua inanyesha, kamba inajivuta, na bawa ambalo lilitakiwa kuzuiwa lisipande sasa linavutwa chini kwa nguvu lisizoumbiwa. Nailoni haifupiki hivyo, ina nguvu zaidi na haiozi upesi, ingawa jua la mwaka mzima huimaliza. Hata hiyo nailoni huachiwa ulegevu mdogo, upana wa vidole viwili hivi. Na jambo ambalo nimeona likifanywa vibaya: usiifunge kamba katikati ya mhimili unaoshikilia bawa kwa sababu pete iko juu na wewe ni mfupi. Kamba itateleza hadi mahali dhaifu, na upepo ukivuta, mhimili unapinda. Tafuta ngazi.

Vigingi vyenyewe viangaliwe pia. Udongo wetu wa Kivu ukishiba maji, msumari mnyoofu unatoka bila ubishi. Wanaojua hutumia chuma chenye ncha ya kujisokota kinachozungushwa hadi kizame, au huzika gogo zima la mti kwa kulilaza na kuacha mnyororo ukitoka juu. Magurudumu nayo yanawekewa kabari, mbele na nyuma, hata kama breki imefungwa, kwa kuwa breki inategemea mafuta yaliyobanwa ndani ya mpira, na baridi ya usiku hubadilisha nguvu ya mafuta hayo. Watu wa Goma, naomba mnisamehe: jiwe la lava si kabari. Likisahauliwa mbele ya gurudumu, propela ikianza kuzunguka, vipande vyake vitatafuta mtu. Kabari nzuri ni mbao mbili zilizounganishwa kwa kamba fupi, ukivuta moja na ya pili inakuja.

Kufunga ndege ili upepo na mawimbi visiichukue ni kazi ya zamani sana mashariki mwa Kongo. Katika vita vya kwanza vya dunia, vile vile vilivyofika hapa Wajerumani walipoteka kisiwa chetu Septemba 1914, Wabelgiji waliamua kupigana kutoka angani juu ya Tanganyika. Mwaka 1916 wakaletewa ndege 4 aina ya Short kutoka Uingereza, za kutua majini, kwa meli hadi Matadi, kisha kwa mto na reli hadi ziwani. Zilikuwa za mbao na kitambaa, na mahali pa magurudumu palikuwa na maboya. Fikiria kitu hicho kimeegeshwa kwenye mawimbi ya Tanganyika usiku wa dhoruba. Ziwa liliwashinda kabla ya Wajerumani. Wakahamisha ndege hadi Tongwe, ziwa dogo lililojitenga kando, maji yake yametulia, na kutoka huko rubani Aimé Behaeghe na wenzake waliruka kwenda kutupa mabomu Kigoma, ilikokuwa meli ya Graf von Götzen. Meli hiyo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka huo huo, na baadaye ikaibuliwa. Ndiyo Liemba ya leo. Wanahistoria husimulia mabomu. Mimi navutiwa na Tongwe, na yule mtu ambaye jina lake halikuandikwa, aliyesema hapa hapafai, tutafute pa kuegesha.

Sasa nije kwenye jambo ninalolishikilia kuliko yote leo. Vifaa vingi vinavyoilinda ndege ikiwa chini, ukivisahau ikienda juu, vinaiua. Kamba ina heri: ukiisahau, ndege haiendi, na watu wanacheka. Vingine havina heri hiyo.

Chukua pini ya usukani. Ndege ina vibao kwenye mabawa na mkiani vinavyochezacheza, ambavyo rubani huvitumia kuigeuza na kuiinua. Ikiwa imeegeshwa, upepo huvipiga vibao hivyo huku na huko usiku kucha, bawaba zinalegea, nyaya zinachakaa. Basi inawekwa pini ya kufunga usukani, vibao vikatulia. Safi kabisa. Lakini tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton, Marekani, kampuni ya Boeing ilikuwa ikiwaonyesha wanajeshi ndege yake mpya kubwa, iliyoitwa Model 299. Rubani alikuwa Meja Ployer Hill, mtu mwenye uzoefu. Ndege ikapaa, ikainua pua mno, ikaanguka na kuwaka. Ilikuwa nzima, ila kifungo cha vibao hakikuwa kimefunguliwa. Hill alikufa, na rubani wa majaribio wa Boeing, Leslie Tower, naye akafa kwa majeraha. Kutokana na ajali hiyo marubani wakapewa karatasi ya ukaguzi, ile wanayosoma kwa sauti kabla ya kuondoka, jambo moja baada ya jingine, kama watoto wa shule. Usimcheke rubani ukimsikia anasoma.

Mngedhani karatasi ilimaliza mambo. Tarehe 31 Mei 2014, Bedford, jimbo la Massachusetts, ndege ya kitajiri aina ya Gulfstream ilikimbia uwanjani na kifungo kikiwa bado kimefungwa, ikapitiliza, ikaishia kwenye bonde, watu wote 7 wakafa. Wachunguzi walipofungua kumbukumbu za ndege hiyo waliona kwamba katika safari zake 175 za nyuma, mara 98 kwa kila 100 marubani hawakuwa wamevichezesha vibao kikamilifu kabla ya kupaa ili kuona kama viko huru. Kuvichezesha ni kazi ya sekunde chache. Uzoefu uliwafanya waione haina maana.

Cessna ndogo zina akili moja ninayoipenda. Pini yake ya usukani imeunganishwa na kibati chekundu, na ukiichomeka, kibati hicho kinaangukia juu ya tundu la ufunguo. Huwezi kuwasha injini bila kukiona na kukisogeza. Aliyebuni kile kibati hakumwamini rubani, na alifanya vizuri.

Halafu kuna kijibomba. Chini ya bawa la kushoto la Cessna utaona kijibomba kinachotazama mbele. Kinaitwa pitot. Upepo unaingia humo, na kwa nguvu ya upepo huo saa iliyo mbele ya rubani inasema ndege inakwenda kasi gani. Ubavuni kuna vitobo vingine vidogo vinavyosaidia kusema iko juu kiasi gani. Sasa wako nyigu wanaojenga kwa udongo, hata hapa kwetu tunawaona kwenye matundu ya ukuta na ya kufuli. Kwao kijibomba hicho ni nyumba iliyokwisha kujengwa. Kimebaki kizibo tu.

Mwaka 1996 Boeing 757 ya kampuni ya Birgenair ilikuwa imekaa Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, siku 20 bila kuruka, na siku 2 za mwisho vijibomba vyake havikuwa na vifuniko. Usiku wa tarehe 6 Februari ikapakia watu kwenda Ujerumani. Kasi ilipaswa kuanza kusomeka wakati wa kukimbia, saa ya rubani mkuu ikakaa kimya, akaendelea. Juu, saa hiyo ikaamka na kudanganya: ikasema ndege inakimbia mno, kumbe ilikuwa inapungua hadi haiwezi kujishikilia. Ikaanguka baharini na watu 189, hakuna aliyepona. Vijibomba vyenyewe havikupatikana, lakini wachunguzi waliona mshukiwa mkubwa ni nyigu. Kifuniko cha kitambaa kingetosha.

Lakini mwaka huo huo, tarehe 2 Oktoba, Boeing nyingine ya aina ile ile, ya Aeroperú, ilipaa kutoka Lima. Ilikuwa imeoshwa, na waoshaji walikuwa wameziba vile vitobo vya ubavuni kwa utepe wa gundi ili maji yasiingie, jambo la busara. Hawakuubandua. Utepe ulikuwa wa rangi ya fedha, na bodi ya ndege nayo inang'aa. Usiku, aliyekagua hakuuona. Watu 70 wakafa baharini, marubani wasijue wako juu kiasi gani. Laiti ungekuwa mwekundu.

Na mwaka 2018, tarehe 18 Julai, Brisbane huko Australia, ndege kubwa ya Malaysia Airlines ilipaa na vifuniko vyote 3 vya pitot vikiwa bado vimevaliwa. Viliwekwa kwa nini? Kwa sababu ya nyigu wa Brisbane. Walitua salama, Mungu aliwahurumia. Kwa hiyo usije ukanisikia vibaya: sisemi vifuniko vinatosha. Kifuniko kisicho na mkia mrefu mwekundu, unaopepea hata kipofu akausikia, ni bora kikae nyumbani. Huo utepe mwekundu ndio kifaa. Kitambaa kinachoziba ni kazi ndogo.

Niharakishe mengine. Matundu ya kupitishia hewa kwenye injini huzibwa kwa sponji, kwa kuwa ndege wenye manyoya hujenga kiota humo kwa asubuhi moja, na majani makavu juu ya injini ya moto ni moto. Kioo cha mbele hufunikwa dhidi ya jua la huku milimani, lakini si kwa turubai lenye vumbi, maana kioo cha ndege ndogo ni plastiki na kinachubuka. Vifuniko vya matangi vichunguzwe mpira wake. Mvua ikiingia, maji yanakaa chini ya mafuta, na asubuhi rubani anayejua kazi huchota kidogo kwenye kichupa kabla ya kuwasha. Huko Kenya na Tanzania, marubani wa mbugani wamezoea kuzungushia magurudumu matawi ya miba, kwa kuwa fisi wanapenda kutafuna mpira. Idjwi hatuna fisi wa namna hiyo. Wa miguu miwili tutawazungumzia sasa.

Mwizi wa kwanza ni wa mafuta. Ndege zenye injini ya tabini, kama Caravan na Let, zinakunywa mafuta ambayo ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, na sihitaji kuwaeleza soko lake liko wapi. Kufuli kwenye kifuniko cha tangi linasaidia, sentineli aliyelipwa kwa wakati anasaidia zaidi. Wa pili ni mwizi wa redio na vyombo vya mbele, ndiyo sababu kifuniko cha dirisha kinalinda pia macho ya mpita njia. Wa tatu anataka ndege yenyewe. Msicheke. Mei 2003, kwa majirani zetu Luanda, Boeing 727 iliyokuwa imekaa uwanjani zaidi ya mwaka ilipaa jioni bila ruhusa, bila taa, ikaelekea baharini. Hadi leo haijaonekana, si ndege, si waliokuwamo.

Na kijana wa kisiwani: Colton Harris-Moore, alizaliwa 1991, akakulia Camano, kisiwa cha jimbo la Washington. Hakuwa amewahi kukaa darasa la urubani. Alisoma vitabu vya maelekezo na kucheza michezo ya urubani kwenye kompyuta, kisha Novemba 2008, kwenye kisiwa jirani cha Orcas, akaiba Cessna 182. Mwenye ndege alikuwa, nisikilizeni vizuri, mtangazaji wa redio. Sisi watangazaji wa Idjwi tuko salama kwa upande huo. Kijana aliiangusha, akatembea, akaendelea kuiba nyingine hadi Julai 2010 alipofika Bahamas kwa ndege ya wizi na kukamatwa kwenye boti. Ndege ndogo nyingi zina ufunguo mwepesi kuliko wa pikipiki. Ndiyo maana kuna kufuli la propela, mnyororo uliovikwa mpira, na kufuli la mkono wa gesi; nalo liwe la rangi kali, kwa sababu ile ile ya utepe.

Propela nina neno lake kwa akina mama wa watoto wa Kavumu, Lulingu na kila palipo na uwanja usio na ua. Injini ya pistoni inajitengenezea cheche yenyewe, haihitaji betri. Waya mmoja ukikatika ndani, ufunguo unasema imezimwa na injini haijui. Mtoto akisukuma propela kwa mchezo, inaweza kuruka mzunguko mmoja, na mzunguko mmoja unatosha. Marubani wenyewe huishika kama iliyo hai. Kamba inayofunga propela kwenye gurudumu la pua inazuia upepo usiizungushe, na inazuia mkono wa mtoto.

Gharama? Hapa nina habari njema, maana ukifungua orodha za Ulaya utadhani vifuniko vimeshonwa kwa dhahabu. Fundi cherehani wa Kadutu, akipewa kitambaa kizito chekundu, sponji la godoro na vipimo sahihi, anashona vizibo vya injini na kifuniko cha pitot kwa siku moja. Mwambie tu kitambaa kisitoe nyuzi, zisije zikabaki ndani ya kijibomba. Kamba za nailoni ziko kwa wanaouza nyavu. Kabari za mkaratusi atazichonga seremala yeyote wa Bugarula. Kilichobaki ni pini ya usukani, na hiyo msimpe fundi. Marubani wengi duniani wamepoteza ya kwao wakachomeka msumari, na msumari unafunga usukani sawasawa kabisa, ila hauna kibati chekundu cha kuziba tundu la ufunguo.